Uzi: Kuhamisha msimbo wa MATLAB kwenda Python bila namba kubadilika kimyakimya

MajiYaMto (mwenye uzi)

Wadau, salamu. Kila mara naona hapa mtu akiuliza ni chombo gani kitamgeuzia faili zake za MATLAB, lugha ya hesabu inayolipiwa, ziwe Python, lugha ya bure, kwa usiku mmoja. Wengi ni wanafunzi wa Juja na Chiromo ambao leseni ya chuo inawaishia wakihitimu. Wengine wako kwenye ofisi ndogo za uhandisi zilizoamua kutolipia leseni tena. Mimi nahesabu mambo ya mito, mvua na mafuriko hapa Nairobi, na kuhamisha msimbo wa namna hii ni sehemu kubwa ya kazi yangu. Nimeona niandike ninayoyajua mahali pamoja.

Msimbo ukigoma huna shida kubwa. Ujumbe wa kosa unakuonyesha mstari, unaurekebisha, unaendelea. Wa kuogopwa ni ule unaokubali kuendeshwa, unachora grafu safi, unatoa namba inayoaminika, na kumbe namba hiyo si ile ya zamani. Hakuna kengele inayolia. Kwetu sisi, namba hiyo ndiyo inayoamua kalavati la Mathare liwe na upana gani, na baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 sidhani kuna mtu wa mji huu anayehitaji kuelezwa uzito wake.

Historia kidogo, kwa sababu inaeleza mengi. MATLAB ilianza mwishoni mwa miaka ya 1970, Cleve Moler akifundisha Chuo Kikuu cha New Mexico. Alitaka wanafunzi wake watumie LINPACK na EISPACK, maktaba za hesabu za matriksi (majedwali ya namba) za Fortran, lugha ya zamani ya programu, bila kulazimika kuandika Fortran. Ndiyo maana ndani yake kila kitu ni matriksi, hesabu ya nafasi inaanzia 1 kama kwenye vitabu vya aljebra, na data inapangwa kwenye kumbukumbu safu wima baada ya safu wima, kama Fortran. Kampuni ya MathWorks ilikuja 1984. Python aliitoa Guido van Rossum mwaka 1991 iwe lugha ya kazi zote, na matriksi hazikuwamo. Zililetwa na maktaba za pembeni: Numeric mwaka 1995, baadaye NumPy ya Travis Oliphant, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka 2006. Hata alama ya `@` ya kuzidisha matriksi iliingia Python 3.5 mwaka 2015. Lugha moja ilizaliwa na matriksi, nyingine ilizipokea ukubwani, na tofauti nyingi zinatokana na hapo.

Sasa mitego. Naanza na ile yenye meno kwa watu wa maji.

Wa kwanza ni indeksi, yaani namba ya nafasi ya kitu kwenye orodha. Kwamba MATLAB inaanza 1 na Python 0, kila mtu anajua. Angalia hapa lakini, `mvua` ikiwa ni orodha ya mvua ya kila siku ya mwaka mmoja:

`for i = 2:n, unyevu(i) = k*unyevu(i-1) + mvua(i-1); end`

Ukiandika `for i in range(n)` badala ya `for i in range(1, n)`, hatua ya kwanza itaomba `mvua[-1]`. MATLAB ingeombwa nafasi ya 0 ingesimama na kukataa. Python haikatai, kwa sababu kwake -1 ni kitu cha mwisho kwenye orodha. Basi mvua ya tarehe 31 Desemba inaingia kama mvua ya siku iliyotangulia 1 Januari ya mwaka uleule. Udongo unaanza mwaka umelowa maji ambayo hayajanyesha, na ukitazama grafu huoni lolote.

Wa pili ni jedwali la kugeuza kina cha mto kuwa mita za ujazo kwa sekunde. MATLAB tunatumia `interp1`, na wanaohamisha wanakimbilia `np.interp` kwa kuwa jina linafanana. Tuseme jedwali lako linaishia kina cha mita 3 na mto umefika mita 3.8. `interp1` kwa chaguo-msingi inarudisha NaN (alama ya "si namba"), yaani inakwambia wazi kwamba umetoka nje ya vipimo. `np.interp` inarudisha thamani ya mwisho ya jedwali na kunyamaza. Mafuriko yanakatwa kichwa. Kilele kinakuwa bapa, halafu mtu anakichukua hicho na kukiita mtiririko wa juu kabisa wa mwaka. Mkitumia `np.interp`, andikeni `left=np.nan, right=np.nan` kila wakati. Tena haikagui kama thamani za mlalo zimepangwa kutoka ndogo kwenda kubwa. Hilo ni juu yako.

Wa tatu unahusu hizo NaN. `max` ya MATLAB inaziruka. `np.max` ikikutana na NaN moja tu inarudisha NaN, kwa hiyo unahitaji `np.nanmax`. Huu angalau unajionyesha.

Wa nne ndio unaonikera kuliko yote, nao ni mkengeuko sanifu, kipimo cha namna data inavyotawanyika. `std` ya MATLAB inagawanya kwa n−1, n ikiwa idadi ya vipimo. `np.std` inagawanya kwa n, isipokuwa umeandika `ddof=1`. Mtu atasema tofauti ni ndogo. Ni ndogo ukiwa na data nyingi. Ukiwa na vilele vya miaka 10 tu, na vituo vingi vya mito yetu havina zaidi ya hapo bila mapengo, n−1 inakupa jibu lililo kubwa kwa karibu asilimia 5.4. Mkengeuko huo unaingia moja kwa moja kwenye fomula ya Gumbel ya kukadiria mafuriko ya miaka 50 au 100. Ukisahau `ddof=1`, kadirio linashuka, na kalavati linakuwa jembamba. Kosa linaegemea upande ule wa hatari. Kuchanganya zaidi, `.std()` ya pandas, maktaba ya Python ya majedwali, inagawanya kwa n−1, kwa hiyo ndani ya mradi mmoja wa Python unaweza kuwa na majibu mawili ya swali moja.

Kuna na hili la nakala. MATLAB ukiandika `b = a` kisha ukabadilisha `b`, `a` inabaki ilivyokuwa. NumPy hayo ni majina mawili ya kitu kimoja, na hata kipande kama `a[0:365]` ni dirisha la kuangalia arei (safu ya namba) ileile. Fanksheni ya kusafisha data inayobadilisha −999 (alama ya kipimo kinachokosekana) kuwa NaN, ukiihamisha mstari kwa mstari, itabadilisha data asili ya aliyeiita. Andika `.copy()` pale unapohitaji.

Mengine nayapitia haraka. `*` ya MATLAB ni kuzidisha matriksi, ya NumPy ni kipengele kwa kipengele. `'` ya MATLAB inageuza matriksi na pia kubadilisha ishara ya sehemu ya kufikirika ya namba changamano, ilhali `.T` inageuza tu. `sum(A)` inajumlisha kila safu wima, `np.sum(A)` inajumlisha vyote. `length(A)` ni kipimo kirefu zaidi, `len(A)` ni idadi ya safu mlalo. `0:0.1:1` ina vipengele 11, na `np.arange(0, 1, 0.1)` ina 10, kwa hiyo tumia `np.linspace(0, 1, 11)`. `A(:)` inasoma kwa safu wima, `A.ravel()` inasoma kwa safu mlalo mpaka uandike `order='F'`. `round(2.5)` MATLAB ni 3, Python ni 2, kwa sababu Python nusu kamili huipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu. `sqrt(-1)` MATLAB inakupa namba changamano bila kuuliza, NumPy inakupa NaN na onyo.

Nitarudi kueleza namna ya kupima. Karibuni.

KijanaWaNgara

Niaje wasee. Uzi umeiva. Lakini siku hizi si unabandika tu faili kwa akili unde na inakupea Python iko sawa? Nimefanya hivyo na project yangu ya mwisho wa mwaka na ikarun bila error hata moja.

MajiYaMto

KijanaWaNgara, karibu. Itumie, hata mimi naitumia. Kwa sintaksia ni nzuri kuliko vigeuzi vya zamani kama SMOP, na inabadilisha indeksi vizuri mara nyingi. Lakini angalia ulichosema mwenyewe, kwamba imekubali bila kosa. Kati ya mitego niliyoandika hapo juu, karibu yote haitoi kosa. Akili unde inaona faili. Haioni data. Haijui kwamba `x` yako huwa na safu mlalo moja siku nyingine na 365 siku nyingine, na kwamba `sum(x)` ya MATLAB inabadilisha tabia kulingana na hilo. Kwenye project yako tafuta `std`, `interp1`, `prctile`, `round` na `reshape`, kisha uone zimegeuzwa kuwa nini.

TakwimuThika

Umetaja `prctile`, fanksheni ya MATLAB ya pasentaili, kwa jina tu na ndiyo iliyonifanya nijisajili leo niandike. Mimi ni mtu wa R, lugha ya takwimu, nafanya kazi na watu wa MATLAB na wa Python kwa pamoja.

Pasentaili, yaani thamani ambayo asilimia fulani ya data iko chini yake, haina fasili moja. R ina aina 9 na unachagua. Chaguo-msingi la R ni aina ya 7, na NumPy vilevile. MATLAB inatumia aina ya 5, inayoitwa Hazen. Ukiwa na maelfu ya vipimo huoni tofauti. Ukiwa na vipimo 20 na unataka pasentaili ya 95, utaiona. Kwa mfano chukueni namba 1 hadi 20 tu. Aina ya 7 inakupa 18... hapana, ngoja niandike hesabu: nafasi ni 1 + 0.95 × 19 = 19.05, kwa hiyo jibu ni 19.05. Hazen: nafasi ni 0.95 × 20 + 0.5 = 19.5, jibu 19.5. Namba zilezile, swali lilelile.

Tangu NumPy 1.22 unaweza kuandika `np.percentile(x, 95, method='hazen')` na mkapatana na MATLAB. Kwenye R ni `quantile(x, 0.95, type=5)`. Watu wa mito mnaoripoti mtiririko unaozidiwa asilimia 95 ya wakati, andikeni aina mliyotumia ndani ya ripoti yenyewe, maana atakayekuja baada yenu hataweza kuikisia.

MajiYaMto

Asante sana TakwimuThika. Hii nilikuwa nimeipitia juujuu, na umeipa haki yake.

Juja_Kwa_Namba

Habari zenu. Nina shida. Jibu langu la MATLAB ni 127.483920175631 na la Python ni 127.483920175644. Msimamizi wangu anasema kama namba si ileile basi nimekosea mahali na nisiendelee mpaka zilingane. Nimetafuta mpaka nimechoka.

MajiYaMto

Ndugu, pumzika. Kazi yako iko sawa.

Lugha zote mbili zinatumia namba za biti 64 za kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985. Zina biti 53 za usahihi, yaani tarakimu kati ya 15 na 17 za desimali. Kila hatua inakatwa hapo, na kwa kuwa kila hatua inakatwa, mpangilio wa kujumlisha unabadilisha mkia. Jaribu mwenyewe: `(0.1+0.2)+0.3` inatoa 0.6000000000000001, na `0.1+(0.2+0.3)` inatoa 0.6. NumPy inajumlisha arei ndefu kwa kuigawa makundi na kuunganisha majumla madogo. Mzunguko wa kawaida unajumlisha moja baada ya nyingine. Maktaba za BLAS za hesabu za matriksi, zilizo chini ya zote mbili, nazo zinagawanya kazi kulingana na kichakataji chako. Hakuna lugha iliyokosea.

Pima tofauti kwa kulinganisha na ukubwa wa jibu. Yako ni kama 1 kwa 10 trilioni. Ukiona kitu cha namna hiyo, endelea na maisha. Ukiona tofauti ya 1 kwa 1000, au asilimia 5, usimsingizie mkia wa desimali: hapo kuna n na n−1, au pasentaili, au siku moja imesogea. Kuna mambo mawili ya kuangalia kabla. Moja ni matriksi iliyo karibu kukosa kinyume. Ikiwa `cond(A)`, kipimo cha ukaribu huo, ni 10 kwa kipeo cha 10, tarakimu kama 10 zinaliwa, na lugha mbili zitatofautiana sana kwa haki. Mbili ni milinganyo ya utofautishaji: `ode45` ya MATLAB na `solve_ivp` ya SciPy, maktaba ya Python ya hesabu za kisayansi, zote zina kiwango cha kustahimili kosa cha 1e-3 kwa chaguo-msingi, kwa hiyo usitarajie zaidi ya tarakimu chache kufanana. Kaza zote mbili hadi 1e-9 halafu ndipo ulinganishe.

Mwonyeshe msimamizi wako huo mfano wa 0.1. Ni wa mstari mmoja na kompyuta yoyote itamthibitishia.

BintiWaKilindini

Hodi hodi. Mimi natoka Mombasa lakini nafanya kazi hapa Nairobi na picha za setilaiti, kugundua maji yaliyofurika mashambani na mitaani. Naongeza moja ya picha.

Namba kamili za biti 8 za MATLAB zikijaa zinasimama juu. `uint8(200) + uint8(100)` ni 255. NumPy zinazunguka: `np.uint8(200) + np.uint8(100)` ni 44. Kwenye picha maana yake ni kwamba wingu jeupe kabisa linageuka kuwa eneo jeusi, na kwenye bendi nyingi jeusi ndilo maji. Utapata bwawa juu ya kilima. Badilisha kwanza iwe `float64` au `int32`, hesabu, kisha ukate kwa `np.clip` kabla ya kurudisha kwenye `uint8`. Kutoa nako ni hivyohivyo, `uint8(5) - uint8(10)` MATLAB ni 0, NumPy ni 251.

Na tafadhalini, `fft` (ya kuchambua data kwa masafa yake) ya matriksi. MATLAB inakwenda kwa safu wima, NumPy inakwenda kwa mhimili wa mwisho, ambao kwa matriksi ya kawaida ni safu mlalo. Andikeni `axis=0` kwa mkono. Mimi kila fanksheni inayopokea `axis` naiandikia, hata pale chaguo-msingi ni sahihi, ili atakayesoma ajue nilikusudia.

MajiYaMto

Dada, huo utaratibu wa kuandika `axis` kila mahali kila mtu hapa auchukue. Asante.

Sasa nilivyoahidi, kupima. Waswahili wanasema usiache mbachao kwa msala upitao. Msimbo wa zamani usiuweke kando mpaka umeutolea ushahidi wote. Wakati leseni bado iko hai, kabla hujaandika hata mstari mmoja wa Python, chukua kila fanksheni ya zamani, iendeshe, uhifadhi kilichoingia na kilichotoka. Si jibu la mwisho peke yake, hata la katikati. Ukiwa na jibu la mwisho tu na likakataa kulingana, utatafuta ndani ya mistari elfu. Ukiwa na ya katikati utajua ni fanksheni gani ilianza kuachana.

Na usichague data nzuri tu. Weka mwaka wenye mapengo. Weka kituo chenye siku moja tu ya kumbukumbu. Weka kina kinachozidi jedwali. Weka safu tupu. Weka mvua ya sifuri mwezi mzima, kama Julai yetu inavyokaribia kuwa. Mitego yote niliyoorodhesha inaishi pembeni, haiishi katikati ambako kila mtu anapima.

Upande wa Python, kila ushahidi unakuwa jaribio la `pytest`, chombo cha majaribio cha Python, linalotumia `np.testing.assert_allclose`. Andika `rtol`, kiwango cha tofauti inayoruhusiwa, mwenyewe. Mimi naanza na 1e-10 kwa hesabu za kawaida, nailegeza pale tu ninapoweza kueleza kwa nini. Kulegeza kiwango ili jaribio lipite, bila kujua tofauti imetoka wapi, ni kuharibu ushahidi wako mwenyewe.

Kama kuna namba za kubahatisha, zitoe kwa lugha ya zamani na uzihifadhi kama data. MATLAB na NumPy zote zina Mersenne Twister, njia ya kuzalisha namba hizo, lakini namna ya kuzigeuza ziwe za mgawanyo wa kawaida ni tofauti, kwa hiyo mbegu ileile haitakupa `randn` ileile. Na veta za `eig` na `svd` zinaweza kutoka na ishara kinyume. Zote sahihi. Linganisha matriksi iliyojengwa upya, usilinganishe veta moja moja.

Kwa ambaye leseni imeshakufa: sakinisha GNU Octave. Ni bure, John W. Eaton aliianza miaka ya mwanzo ya 1990, na inaendesha sehemu kubwa ya msimbo wa MATLAB ulivyo. Kwa kazi ya ushahidi inatosha mara nyingi. Kuna hata wanaobaki nayo na hawahami kabisa, na sioni ubaya.

Mzee_wa_Kadi

Vijana, hamjambo. Nimesoma yote. Mimi nilianzia Fortran, na mifumo mingi ya maji mnayotumia bado ni Fortran ndani, SWAT ya kuiga mabonde ya mito ikiwemo. Naona kijana mmoja kwenye uzi mwingine anataka kuihamisha yote kwenda Python. Ya nini? Fortran haina kosa lolote. Ifunge kwa f2py, chombo cha kuunganisha Fortran na Python kinachokuja pamoja na NumPy, uiite kutoka Python kama fanksheni nyingine. Mwendo unabaki uleule. Arei zako ziumbe kwa `order='F'` tu, la sivyo itakuwa inanakili data kila inapoitwa.

Kama ni lazima kuihamisha, jihadharini na jambo ambalo kizazi chenu hamkulikuta. Fortran ya zamani, bila `IMPLICIT NONE`, jina lolote linaloanza na herufi I hadi N ni namba kamili. Sasa tazameni majina yetu tunayopenda: MVUA, MTO, MAJI, KINA, JUMLA. Yote ni namba kamili. `KINA = 2.7` inahifadhi 2. Nimeona programu iliyoandikwa hapahapa Nairobi ikikata desimali za kina cha mto kwa njia hiyo. Ukiihamishia Python utapata 2.7, majibu yatabadilika, na utadhani Python ndiyo yenye kosa. Hapo ushahidi wa zamani wenyewe ndio mbovu, na ni lazima aliyejua mto aulizwe.

MajiYaMto

Mzee, heshima yako. Hilo la mwisho ni zito na naongezea neno. Ukigundua kosa kwenye msimbo wa zamani, usilirekebishe siku unayohamisha. Hamisha na kosa lake, majaribio yote yapite, kisha ulirekebishe kama hatua ya pili yenye maelezo yake. Ukichanganya mawili hutajua tena tofauti ipi ni ya nini, na wenye ripoti za zamani wana haki ya kujua namba zao zilibadilika kwa sababu gani.

FundiVihisi

Mbona nyote mnakwenda upande mmoja? Mimi natoka Python kwenda C. Natengeneza kihisi cha kina cha mto kwenye Arduino Uno (toleo la R3), ubao mdogo wa kompyuta. Hesabu inafanyiwa majaribio Python kwenye laptopu, halafu inaingia kwenye kifaa chenye kilobaiti 2 za kumbukumbu. Mitego yangu ndiyo hii.

Namba kamili ya Python haina mwisho. `int` ya Uno ni biti 16, juu kabisa 32767. Ukizidisha 300 kwa 200 unapata −5536. Hata ukiweka jibu ndani ya `long` haisaidii, kwa sababu kuzidisha kumeshafanyika kwa biti 16. Andika `300L * 200`.

`double` ya Uno si ya biti 64, ni biti 32 sawa na `float`, tarakimu kama 7. Ikifika 16,777,216, ukiongeza 1 haibadiliki. Kwa hiyo ukihesabu milisekunde kwa `float`, saa yako inaanza kuruka baada ya kama masaa manne na dakika 40. Tumia `unsigned long`, na ujue nayo inarudi sifuri baada ya kama siku 50.

Na kugawanya namba hasi: Python `-7 // 2` ni −4, C `-7 / 2` ni −3. Kifaa changu kinapima chini ya alama ya sifuri ya kipimo wakati wa kiangazi, kwa hiyo hasi ni za kila siku.

MajiYaMto

FundiVihisi, kazi nzuri sana hiyo, na ushahidi wako uko tayari: matokeo ya Python. Yatoe kama faili ya maandishi, uyalishe kwenye fanksheni ya C kwenye laptopu kabla hujaipeleka kwenye kifaa. Tumia `int16_t` na `float` kwa majina kamili ili laptopu isikupe nafasi ambayo Uno haina. Hata hivyo laptopu inapanua `int16_t` kabla ya kuzidisha, kwa hiyo huo mfano wako wa 300 kwa 200 utaupata kwenye kifaa chenyewe tu.

KijanaWaNgara

Nimerudi. Nimetafuta kama ulivyosema. `std` imegeuzwa `np.std` bila ddof, mahali pote. `interp1` imekuwa `np.interp`. `round` iko vile ilikuwa. Leseni ya shule iko hadi mwisho wa mwezi, naanza kutoa outputs leo. Swali: nimejaribu kusoma faili moja ya .mat (data ya MATLAB) na `scipy.io.loadmat` ikakataa kabisa, inasema nitumie HDF reader.

MajiYaMto

Faili hiyo ilihifadhiwa kwa toleo la 7.3, ambalo ndani yake ni HDF5, muundo mwingine wa kuhifadhi data. Una njia mbili. Ukiwa na MATLAB bado, ifungue na uihifadhi upya kwa `save('data.mat', '-v7')`, kisha `loadmat` itaisoma. Ukiwa huna, isome kwa `h5py`, lakini vipimo vitakuja vimegeuzwa: matriksi ya 365 kwa 12 itaonekana 12 kwa 365, kwa sababu ya ule mpangilio wa safu wima. Igeuze kwa `.T`. Ikiwa ni ya mraba hutaona chochote kwenye vipimo, kwa hiyo chapisha thamani ya nafasi moja iliyo nje ya ulalo pande zote mbili uzilinganishe kabla hujaendelea. Kwa kuwa leseni yako ina uhai, hifadhi zote kwa `-v7` leo, na za `std` uzitoe kwanza.